Kalamu ya Hospitalini ni Amana



Kila sifa njema yamstahikia Allah (s.w.t.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo, ndugu zetu wasomaji, na hasa akina mama na mabinti zetu, juma hili twapenda tuzungumze juu ya jambo ambalo limeingia katika nyumba nyingi za Ndia Kuu, Kibokoni, Kuze na mitaa iliyo jirani, nalo ni masomo ya uongozi na uandishi wa hospitali.

Miaka hii wengi katika wanetu wamejiunga na vyuo kusomea kazi za afya ambazo si udaktari wala uuguzi. Wako wanaosomea utunzaji wa kumbukumbu za wagonjwa, wako wanaosomea usimamizi wa hospitali, na wako wanaosomea hesabu na bima za matibabu. Chuo cha Mafunzo ya Matibabu cha Kenya, KMTC, kilichoanza mwaka 1927 huko Nairobi, kina tawi lake hapa Mombasa, na somo la kumbukumbu za afya ni miongoni mwa masomo ya chuo hicho. Mwaka 2016 Bunge la Kenya lilipitisha sheria ya wasimamizi wa kumbukumbu na habari za afya, ikaundwa bodi ya kuwasajili. Hivyo kazi hii ina sheria yake, bodi yake na heshima yake.

Lakini hufika wakati mwanafunzi huambiwa na chuo atoke darasani, aende hospitalini kwa majuma kadhaa au miezi kadhaa akafanye kazi chini ya uangalizi, yaani uanagenzi. Hapo ndipo maneno huanza nyumbani. Baba huuliza kuna haja gani, mama huhofia njia na watu, na mwanafunzi mwenyewe wakati mwingine hutaka apate tu muhuri katika kitabu chake arudi. Wazazi wametuletea maswali juu ya haya, nasi tumeyakusanya katika matatu.

Swali la kwanza: kazi hii ina uzito gani katika dini?

Baadhi yetu huona kwamba mtoto aliyeukosa udaktari akaingia katika makaratasi amepungukiwa. Rai hiyo haina msingi. Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111 Miladia), katika Ihya Ulum al-Din ameihesabu elimu ya tiba na elimu ya hesabu kuwa ni katika fardhi kifaya: wakipatikana wa kuzisimamia, wengine huondokewa na jukumu, na wakikosekana, mji mzima hubeba lawama. Mwenye kuongoza hospitali kwa uadilifu amezishika elimu hizo mbili kwa pamoja, kwa kuwa hesabu yake ndiyo inayoiwezesha tiba kumfikia mgonjwa.

Tuzingatie pia kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, iliyomo ndani ya Suratul-Baqarah, yahusu deni na namna ya kuliandika. Humo mwandishi ameamrishwa aandike kwa uadilifu na asikatae kuandika kama Mola wake alivyomfunza, na watu nao wamekatazwa kumdhuru mwandishi. Ikiwa deni la mali lilipewa aya ndefu namna hiyo, basi uandishi unaohusu uhai wa mja wastahiki uangalifu zaidi. Na Nabii Yusuf (a.s.) alipoomba asimamie hazina za Misri alitaja sifa mbili alizo nazo: kuhifadhi na kujua. Msimamizi wa ghala ya dawa ahitaji sifa hizo hizo. Akiwa mwaminifu asiyejua, dawa zitamharibikia rafuni, na akiwa mjuzi asiye mwaminifu, zitatoka kwa mlango wa nyuma.

Swali la pili: kwa nini darasa lisitoshe?

Jibu lake laonekana katika mambo madogo ya kila siku. Tuchukue jina. Darasani mwanafunzi hufunzwa kupanga mafaili kwa tarakimu za mwisho, na huo ni mpango mzuri. Kisha akae kwenye dirisha la mapokezi la hospitali ya mji huu. Atajiwa na Fatma Mohamed Ali, na kabla ya adhuhuri atakuwa amehudumia akina Fatma Mohamed wengine watatu. Mmoja kitambulisho chake chasema Fatuma, kadi yake ya kliniki yasema Fatma, na mtaani hajulikani ila kwa jina la Mama Abdalla. Bibi mwingine aitwa Mwanaesha nyumbani na Aisha katika karatasi zake.

Karani asiyezoea huona jina halikulingana, akafungua faili jipya. Faili la zamani hubaki rafuni, na ndani yake mmeandikwa kwamba mama huyu hadhuriwi na kitu kama penisilini, au kwamba uzazi wake uliopita alipasuliwa. Daktari naye hufunuliwa ukurasa mweupe, akatibu kwa alichokiona. Tatizo kama hili halitatuliwi na mtihani wa chuoni. Hutatuliwa na karani mzoefu aliyekaa na mwanafunzi, akamwonyesha jinsi ya kuuliza kwa adabu: jina la babu, jina la mama, mtaa, mwaka wa kuzaliwa, namba ya kitambulisho, na mahali alipojifungulia mara ya mwisho.

Tuchukue daftari. Kila kituo cha afya cha umma kina madaftari ya Wizara ya Afya. Wajawazito wanaohudhuria kliniki huandikwa katika daftari namba MOH 405, na wanaojifungua huandikwa katika MOH 333. Mwisho wa mwezi hesabu hizo hujumlishwa na kuingizwa katika mfumo wa taifa wa habari za afya. Mwanafunzi aliyezijua namba hizi kwa kuzihifadhi tu huziona kama mzigo. Aliyekaa kliniki akaona foleni hufahamu kwamba mstari mmoja ulioachwa wazi ni mama mmoja asiyehesabiwa, na kwamba kituo kinachohesabu pungufu huagiza dawa pungufu. Mwezi ujao mama mwingine ataambiwa vidonge vya damu vimekwisha, naye hatajua kwamba vilikwisha kwa sababu ya kalamu iliyofanya uvivu.

Tuchukue bima. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, imeshika mahali pa NHIF. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, na mchango wa mwezi haupungui shilingi 300. Wasio na mshahara, nao ndio wengi katika Mji wa Kale, hukadiriwa kwa kuulizwa hali ya nyumba yao na mapato yao. Sheria yaweza kusomwa kwa siku moja. Lakini bibi wa miaka sabini aliyesimama dirishani, namba ya siri imetumwa katika simu ambayo ni ya mjukuu wake, na mjukuu yuko kazini ng'ambo ya Likoni, huyo hakuandikwa kitabuni. Mwanafunzi aliyekutana naye hujifunza subira, na hujifunza pia kwamba dai la malipo lililotofautiana jina na kitambulisho hurudishwa, hospitali ikakosa fedha, na mwishowe gharama ikamwangukia mgonjwa.

Na tuchukue mauti, kwani hakuna nyumba isiyofikwa. Sisi Waislamu twaharakisha kumsitiri maiti wetu. Ili azikwe, hospitali sharti itoe arifa ya kifo, kipatikane kibali cha mazishi, na hesabu za hospitali zimalizwe au zipangwe. Tumewahi kusimama na familia moja, katika hospitali tusiyopenda kuitaja, tangu baada ya adhuhuri hadi karibu na magharibi. Kaburi lilikuwa limekwisha kuchimbwa na watu wamekaa matangani, na kilichokosekana ni sahihi moja katika karatasi moja, kwa kuwa mwenye ufunguo wa ofisi alikwenda zake bila ya kumwachia mwenzake. Hapakuwa na mwenye nia mbaya pale. Palikosekana mpango. Mwanafunzi aliyewahi kuziona nyuso za watu wa familia ile hatasahau, siku atakapokuwa msimamizi, kupanga zamu ya Ijumaa na ya siku za mapumziko.

Wazee wetu katika elimu walilijua hili zamani. Mwaka 1154 Sultani Nuruddin alijenga hospitali yake Dameski, na mwaka 1284 Sultani Qalawun akaanza kujenga ya Cairo, nazo ziliendeshwa kwa mali ya wakfu. Ibn Battuta, aliyefika hapa kwetu Mombasa mwaka 1331, alikuwa amekwisha kuiona hospitali hiyo ya Cairo na akastaajabu kwa uzuri wake. Mwandishi wa habari za matabibu, Ibn Abi Usaybia, amesimulia kuhusu tabibu mkuu wa hospitali ya Nuruddin, Abu al-Majd bin Abi al-Hakam, kwamba alikuwa akizunguka kwa wagonjwa mmoja mmoja akichunguza hali zao, na mbele yake wakiwapo wasimamizi na wahudumu wa hospitali. Baadaye hukaa na wanafunzi katika ukumbi akawasomesha kwa muda wa saa kadhaa. Angalieni mpango huo: wasimamizi walikuwa pale pale ubavuni mwa kitanda, wakisikia agizo la tabibu kwa masikio yao na kumwona mgonjwa kwa macho yao. Kitabu kilifuata baada ya kitanda.

Swali la tatu: je, binti aende?

Hili ndilo swali tunaloulizwa zaidi, na wenye kuuliza wana haki ya kuuliza, kwani wivu juu ya heshima ya binti ni katika imani. Jawabu letu ni kwamba aende, kwa masharti yanayojulikana. Avae vazi la stara. Asikae faragha na mwanamume asiye maharimu wake katika chumba kilichofungwa. Njia yake ya kwenda na kurudi ijulikane, na zamu zake zijulikane tangu mwanzo. Mzazi na akamwone msimamizi wake siku ya kwanza, amsalimie, amwambie kwa upole mambo ambayo familia huyazingatia. Mara nyingi tumeona kwamba mazungumzo ya dakika kumi huondoa hofu ya miezi mitatu.

Wala si jambo jipya. Waandishi wa sira wamesimulia kuwa Saad bin Muadh (r.a.) alipojeruhiwa katika vita vya Khandaq, Mtume (s.a.w.) aliamuru awekwe katika hema la Rufaida al-Aslamiyya, aliyekuwa akiwauguza majeruhi, na hema hilo lilikuwa msikitini. Mwanamke mwenye ujuzi alipewa mahali palipo wazi, penye heshima, karibu na macho ya watu wema. Huo ndio mfano wa kuufuata: tusimzuie binti, na tusimtupe pasipo na uangalizi.

Tena kuna haja. Ni mama wangapi huulizwa dirishani, kwa sauti inayosikika na foleni nzima, wamekuja kwa maradhi gani? Baadhi yao hujibu kwamba ni homa, hali siyo homa, kisha hupelekwa chumba kisichokuwa chao. Wengine hurudi nyumbani. Mwanamke mwenzao akiwa pale, naye amefunzwa kuuliza kwa sauti ya chini, huenda ugonjwa ukapatikana mapema. Hatuwezi kudai wanawake wahudumiwe na wanawake, na wakati huo huo kuwakataza binti zetu wasitoke kujifunza huduma hiyo.

Siri ya faili

Lipo jambo moja ambalo twataka kulikazia, kwa sababu mji wetu ni mdogo na vibaraza vyake vina masikio. Mwanafunzi anayekaa katika chumba cha mafaili huyaona ambayo hata ndugu wa damu hawayajui. Atamwona jirani aliyepimwa maradhi asiyopenda yajulikane. Atajua ndoa fulani haikupata mtoto kwa upande wa nani. Atakuta faili la mwalimu wake wa madrasa. Dini yetu imetufunza kwamba mwenye kumsitiri Mwislamu, Allah atamsitiri duniani na akhera, na wala hatujui mahali panapojaribu mafunzo haya kuliko chumba hicho.

Basi twawaambia mabinti zetu na vijana wetu: mlioyaona yasivuke mlango wa hospitali. Usimwambie mama, wala shangazi, wala rafiki uliyekua naye. Usipige picha ya faili kwa simu hata kama ni la kazi ya chuo. Ukiandika ripoti ya uanagenzi, majina yasiwemo. Nasi wazazi tuna zamu yetu katika amana hii. Mtoto akirudi jioni tumuulize amejifunza nini, na tusimuulize amemwona nani. Tumesikia kwa masikitiko kwamba wako akina mama wanaopanda matatu kwenda kliniki ya mbali, na ya karibu ipo, kwa kuhofia tu kwamba binti wa jirani ndiye anayekaa mapokezini. Mama mjamzito aliyefanya hivyo amejiongezea njia na hatari, na sababu yake ni ndimi zetu.

Wajibu wa wenye hospitali na wa jamaa

Hospitali ya Rufaa ya Pwani, ambayo wengi bado twaiita Makadara, hupokea wagonjwa wa kaunti zote sita za pwani, tangu Lamu na Tana River hadi Kwale na Taita Taveta. Haiwezi peke yake kumpa kila mwanafunzi mahali pa kujifunza, na foleni ya wanafunzi ni ndefu. Lakini mji una zahanati nyingi, na una hospitali zilizosimamishwa na jumuiya za Waislamu. Twawaomba wanaoziongoza wafungue milango kwa wanafunzi wachache kila muhula, na wawafunze kweli. Si uanagenzi kumfanya mtoto aliyelipiwa karo na mjane kuwa mwenda kuleta chai na kutoa nakala za karatasi. Apitishwe mapokezi, kisha chumba cha mafaili, kisha wadi, kisha ghala ya dawa, kisha ofisi ya bima, kisha dirisha la malipo, na asikose kuonyeshwa ofisi inayohusika na maiti. Kila mahali pawe na mtu mmoja wa kumwelekeza na kumsahihisha.

Akifika kwenye dirisha la malipo afunzwe kwamba nguvu ya ofisi ina mpaka. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 43, imempa kila mtu haki ya afya na imekataza kunyimwa mtu matibabu ya dharura. Mwezi wa Septemba 2015 Mahakama Kuu iliamua kwamba kuwazuilia wanawake wawili katika hospitali ya uzazi ya Pumwani kwa sababu ya kutolipa gharama kulivunja haki zao. Msimamizi wa kesho ayajue haya, na ajue pia namna fukara anavyoelekezwa kwa afisa wa ustawi wa jamii ili hali yake iangaliwe na apunguziwe au asamehewe. Deni ni haki ya hospitali, na mwenye uwezo alipe. Lakini mwenye dhiki amepewa muhula na Mola wake, na karani asijifanye mlinzi wa jela.

Jamaa nao, kwa maana ya kamati za misikiti na wenye kheri, wana mlango wa thawabu hapa. Mwanafunzi wa uanagenzi mara nyingi halipwi chochote. Ana nauli ya kila siku, ana chakula cha mchana, na mahali pengine hutozwa ada ya kupokelewa. Wako walioacha karibu na kumaliza kwa kukosa nauli. Mwenye kumsomesha tabibu hupata ujira wake inshaallah, na mwenye kumlipia nauli binti fukara kwa miezi mitatu ili akawe mwandishi mwadilifu wa wagonjwa, hatuoni kuwa ujira wake utapotea.

Kwa mwanafunzi mwenyewe

Wanetu, ingieni hospitalini kwa kusema Bismillah na kwa kufika mapema. Msiwadharau makarani wa zamani kwa kuwa hawana cheti kama chenu au kwa kuwa wanapiga kompyuta kwa kidole kimoja. Wanajua mambo ambayo hayajaandikwa popote, na wakistaafu bila ya kuulizwa huondoka nayo. Kila jioni andikeni jambo moja mlilojifunza na jambo moja mliloliona haliendi sawa, kisha fikirini lingetengenezwaje. Saa ya sala ikifika ombeni ruhusa kwa adabu, na dirisha lisibaki tupu nyuma yenu, kwani mgonjwa aliyesubiri ana haki. Na mkimwona mtu amesimama kwenye ukumbi akigeuzageuza karatasi mkononi, hajui pa kwenda, msingoje awaulize. Mfuateni.

Twamuomba Allah (s.w.t.) awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotutangulia, awahifadhi mabinti na vijana wetu katika njia zao, na awafanye waandishi wa haki ambao kalamu zao zitawashuhudia kwa kheri siku ya kuhesabiwa. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.